Mnasomaje kitabu cha safari ya hatari pale waliokufa ni watu wa Unguja?

Msomaji wa Kikwajuni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimemaliza kusoma wasifu wa Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa magazeti aliyesafiri bara la Afrika karne ya kumi na tisa, na baada ya hapo nikakitafuta kitabu cha juzuu mbili alichokichapisha mwenyewe 1878 kuhusu safari iliyoondoka hapa Unguja Novemba 1874 na kutokea Boma, karibu na Bahari ya Atlantiki, Agosti 1877. Ni miaka mingi sijasoma kitabu kilichoninyima usingizi namna hii. Msafara ulilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua, ukalizunguka Ziwa Tanganyika, kisha ukafika Nyangwe na kuufuata mto Lualaba bila ya mtu yeyote ndani yake kujua kwa yakini kama maji yale yanakwenda kwenye Nile, Niger au Kongo. Mwandishi ana uwezo mkubwa wa kumweka msomaji pale pale penye shida. Januari 1875, kwa mfano, walipokuwa katika nyika isiyo na chakula baada ya kuvuka Ugogo, sanduku la bati la kuwekea nguo lilimwagwa vilivyomo, likajazwa maji, likatiwa ratili kumi za unga wa nafaka uliokuwa akiba ya Wazungu, na uji ule mwepesi ukagawiwa watu zaidi ya 200. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda, halafu nikakichukua tena kwa pupa.

Pupa hiyo ndiyo inayonitia mashaka. Wazungu watatu waliofuatana na Stanley, yaani Frank Pocock, ndugu yake Edward na Frederick Barker, wote walifariki njiani, na kila mmoja amepewa maombolezo yake. Waungwana wa Unguja, kama walivyoitwa wapagazi wa pwani wakati ule, ambao walibeba kila kitu kuanzia ushanga na majora ya merikani hadi vipande vya mashua, walikufa kwa makumi, na wengi wao wanaingia katika kitabu siku ile wanayotoka duniani. Huenda baadhi yao walitoka katika mitaa hii hii ninayopita kila siku kwenda kazini. Naomba kuuliza wenye uzoefu wa kusoma vitabu vya aina hii: mnavisoma vipi hata mkafaidi utamu wake bila ya kuwapita waliokufa? Na je, yako maandishi ya Kiswahili, ya watu waliosafiri wenyewe, ambayo mtu anaweza kuyasoma sambamba na haya?

Maalim wa Wete

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimesomesha historia katika skuli zetu za Pemba kwa muda mrefu, na kitabu hicho nakijua vizuri, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Mwanzo, usiuonee haya utamu wake. Hadithi ya watu wanaotembea kuelekea mahali wasipopajua ni miongoni mwa hadithi kongwe kuliko zote, na wazee wetu walipokuwa wakirudi kutoka bara walizisimulia barazani kwa furaha ile ile, wakiwataja wafu wao ndani yake. Utakaloweza kulibadilisha ni mtu unayemfuata kwa macho. Wasomaji wengi humfuata Stanley kwa sababu yeye ndiye anayesema "mimi". Ukikisoma mara ya pili, mchague mtu mmoja wa kwetu na umfuate yeye tangu anapotajwa mara ya kwanza hadi anapotajwa mara ya mwisho, na utaona kwamba kitabu ni kile kile lakini safari ni nyengine. Manwa Sera, mnyapara mkuu, anafaa. Kalulu anafaa pia, ingawa kwake utalia: alikabidhiwa kwa Stanley akiwa mtoto huko Unyanyembe, upande wa Tabora ya leo, 1871, akapelekwa Uingereza na Marekani, akarudi na msafara huu, na Machi 1877 mtumbwi aliokuwemo ukachukuliwa na maji ya Kongo, akazama akiwa kijana mdogo sana.

Mimi, hata hivyo, humfuata Uledi. Alikuwa mshika usukani wa mashua iliyoitwa Lady Alice, na Stanley mwenyewe anasema kwamba aliwaokoa watu 13 wasizame. Mwaka 1877, njaa ilipokuwa imewakaba na ushanga ndio fedha pekee ya kununulia chakula, Uledi alikamatwa na ushanga wa wizi. Likaitwa baraza, na wakubwa wa msafara wakaulizwa hukumu. Wakasema lazima apigwe, kwani wezi wa chini yake walikuwa wamekwisha kuadhibiwa. Hapo mdogo wake Shumari akajitokeza akaomba achukue nusu ya viboko, na jamaa yake mwengine, Saywa, akaomba achukue nusu iliyobaki. Stanley akawasamehe wote. Yeye anaisimulia habari hii kama ushahidi wa huruma yake na wa wema wa watu wake, lakini mimi naona jambo kubwa zaidi limo katikati: watu wenye njaa, mbali na nchi yao kuliko walivyowahi kufika, bado wana baraza, wana sheria, wana ukoo, na wanajua ni nani anayestahili kuombewa. Sehemu hiyo huisoma polepole, kwa sababu ndani yake nawaona watu ninaowajua.

Pili, msome mwandishi kama shahidi mwenye haja zake. Katika kitabu anasema aliondoka na watu 356. Shajara zake za safarini, zilizochapishwa 1961, hazilingani na kitabu katika hesabu hizo. Alikuwa akiandikia magazeti mawili yaliyomgharimia, moja la London na moja la New York, na msomaji wa gazeti hupenda idadi kubwa. Pia soma kwa makini habari za kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Victoria. Aprili 1875 watu wa kisiwa walimkabili na kumnyang'anya makasia, naye akaponea chupuchupu. Agosti akarudi na jeshi la mitumbwi akawapiga risasi wakiwa ufukoni, huku yeye akiwa mbali na mishale yao. Habari ile ilipotangazwa Uingereza ililaumiwa hata na Waingereza wenziwe. Jambo la kumshukuru ni kwamba mwishoni mwa juzuu ya pili aliiweka orodha ya wafu kwa majina, na sababu ya kifo cha kila mmoja. Wasafiri wengi wa zama zake hawakufanya hata hilo.

Binti wa Mkoani

Shikamoo Maalim. Nami naomba niongeze upande wa vyombo, kwa sababu nimezaliwa katika nyumba ya wavuvi na sehemu ya mto ndiyo iliyonishika.

Lady Alice ilikuwa mashua ya futi 40, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vinavyounganishwa, ili ibebwe nchi kavu na kuungwa tena penye maji. Ilipofika Unguja vipande vilionekana vipana na vizito mno kwa njia nyembamba za bara, ikabidi fundi avikate upya. Kawaida mpagazi alichukua mzigo wa karibu kilo 30. Vipande vya mashua vilikuwa vizito zaidi na vilihitaji wanaume wenye nguvu kuliko wote, wakipokezana. Kwa hiyo kila Stanley anapoandika kwamba mashua "iliungwa" na "ikashushwa", mimi husimama na kujiuliza nani aliileta hapo mabegani.

Sasa fikirini watu wa pwani wanapofika mwisho wa safari. Kati ya lile bwawa pana ambako leo kuna Kinshasa na mahali mto unapofikika kwa meli kutoka baharini, Kongo unashuka takriban mita 270 kwa mfululizo wa maporomoko, na msafara ulikuwa katika eneo hilo kuanzia Machi hadi Agosti 1877. Nahodha wa Pemba anajua kusoma mkondo wa bahari, lakini elimu hiyo haitoshi kule. Baharini wimbi ndilo linalokwenda na chombo hulipanda. Kwenye poromoko wimbi husimama mahali pamoja juu ya mwamba, na maji ndiyo yanayokimbia kupita ndani yake, kwa hiyo anayekosea hana nafasi ya kungojea wimbi lipite. Kwa sababu hiyo walikuwa wakiiteremsha mitumbwi kwa kamba kutoka ukingoni, na penginepo wakaiburura juu ya milima, mitumbwi mizito ya gogo moja, kwa njia waliyoifyeka wenyewe.

Kabla ya hapo kuna kisa cha Zaidi, cha Januari 1877, katika maporomoko ya juu karibu na mahali palipo Kisangani ya leo. Mtumbwi wake ulivunjika juu ya mwamba katikati ya mto, naye akabaki ameng'ang'ania kipande pembeni kabisa mwa poromoko, maji yakianguka kulia na kushoto kwake. Wakasokota kamba za henzirani, wakaziunga na kamba za mahema, wakafunga mtumbwi ili uteremshwe hadi alipo, na Uledi na kijana Marzouk wakajitolea kuupanda. Zaidi alipatikana, lakini kamba zikakatika, na wote watatu wakatupwa kwenye kijisiwa cha mawe, wakalala hapo usiku mzima ngurumo ya maji ikiwazunguka, hadi asubuhi walipovutwa mmoja mmoja hadi ukingoni. Nikisoma hapo huwa nimeshika pumzi, na wala sioni sababu ya kujizuia, kwa sababu mashujaa wa kisa hicho ni hao watatu na waliosokota kamba.

Tena someni kifo cha Frank Pocock, tarehe 3 Juni 1877, pale Massassa. Alikuwa na vidonda vya miguu, hawezi kutembea, na hakutaka kungoja kubebwa. Uledi alikwisha kwenda kuliangalia poromoko na kusema kwamba halipitiki. Pocock akawaambia mabaharia maneno ya kuwashitaki woga, wakaona aibu, wakaingia. Mtumbwi ukamezwa, Pocock na wengine wawili wakafa, Uledi na waliobaki wakaogelea. Ujuzi ulikuwapo ndani ya mtumbwi, lakini aliyekuwa na amri hakuwa na ujuzi. Stanley anaandika yote hayo bila ya kuficha, na nadhani ni miongoni mwa kurasa zake za kweli kabisa.

Mkaazi wa Shangani

Nawaheshimu waliotangulia kusema, lakini siwezi kwenda nao mpaka mwisho. Mimi kitabu hicho nimekisoma na sikukifurahia, wala sidhani kwamba kumfuata Uledi kunaondoa tatizo. Uledi alikuwa mtu jasiri katika kazi ambayo haikuwa yake: njia iliyofunguliwa na miguu ya watu wetu ndiyo iliyotumiwa, miaka michache tu baadaye, kuijenga Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, iliyowatesa watu wa huko, na huyo huyo Stanley ndiye aliyeajiriwa kuianzisha. Mtu akifahamu mto ule ulimletea nani watu wa ukingoni, maporomoko hayamsisimui tena.

Vilevile tusijisahau. Sipiti mbali na nyumba yenye mlango ule mkubwa wa nakshi ambayo wageni huonyeshwa kuwa ni ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyefariki mjini hapa 1905. Yeye ndiye aliyemsindikiza Stanley kutoka Nyangwe hadi Desemba 1876, kisha akarejea. Utajiri wake ulitokana na pembe na watu. Kwa hiyo hata wale tunaowaita wa kwetu hawakuwa upande mmoja.

Kama mnataka safari ya hatari ambayo mtu anaweza kuisoma kwa moyo mweupe, mimi napendekeza ile ya waliomchukua David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, baada ya kufa. Alifariki Chitambo, katika Zambia ya leo, takriban tarehe 1 Mei 1873. Hakukuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Abdullah Susi na James Chuma wakakaa na wenzao wakaamua kumrudisha pwani. Moyo wake wakauzika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye mti huo, na mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa na gome. Walikutana na msafara wa Waingereza huko Unyanyembe, wakatakiwa wauzike pale, wakakataa. Mbele zaidi, walipojua kwamba maiti haitaruhusiwa kupita, wakatengeneza maiti ya uongo na kuirudisha nyuma kwa watu wachache, na ile ya kweli wakaifunga upya ionekane kuwa ni mzigo wa nguo. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa. Njiani walikuwamo wanawake pia, akiwemo Halima, mpishi ambaye marehemu alikuwa akimsifu. Uamuzi, hila, nidhamu na adabu kwa maiti, vyote vilikuwa vyao.

Msomaji wa Kikwajuni

Ahsanteni sana nyote. Maalim, nimekwisha kuanza kumfuata Uledi na tayari kitabu kimekuwa kizito zaidi mkononi, kwa maana nzuri. Ndugu wa Shangani, hoja yako ya Leopold siwezi kuipinga, na sitaki kuipinga. Lakini Uledi hakuijua Dola ile ya 1885 alipokuwa mtoni 1877, na mimi ningependa nimsome ndani ya alichokijua. Suala langu ni moja: hao waliombeba Livingstone waliacha maneno yao wenyewe?

Maalim wa Wete

Waliacha, ingawa yamepita katika mikono ya wengine. Jacob Wainwright, aliyesoma Nasik huko India katika skuli ya watumwa waliokombolewa, aliandika shajara ya safari ile kwa Kiingereza. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza 1874, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za Livingstone, na sura ya mwisho ya kitabu kile imejengwa juu ya masimulizi yao. Inanisikitisha kila ninapokumbuka kwamba walifika baada ya maziko ya tarehe 18 Aprili: Wainwright peke yake ndiye aliyekuwapo Westminster Abbey, na wao walioongoza njia yote hawakuyashuhudia. Chuma alirudi, akaongoza misafara mengine, akafariki hapa Unguja 1882.

Kuhusu hoja ya mwenzetu wa Shangani, nakubaliana naye juu ya Leopold na nakubaliana naye juu ya Tippu Tip. Sikubali kwamba ndiyo sababu ya kutosisimka. Zaidi aliyekaa juu ya mwamba usiku ule anastahili tumuogopee kama tunavyomuogopea mtu aliye hai.

Ibnu Makunduchi

Naomba nijibu sehemu ya pili ya swali la mwanzo, kwani haijaguswa sana. Maandishi ya Kiswahili yapo, na ni mazuri.

La kwanza ni maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe. Aliyaandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Mjerumani Heinrich Brode akayageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha mwanzoni mwa karne iliyopita, na W. H. Whiteley akayatoa tena na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni Kiswahili kikavu cha mfanyabiashara: vita, pembe, njia, nani alimdai nani, na huruma kwa waliotekwa msiitafute humo. Hata hivyo, someni kurasa zake za kukutana na Stanley huku kitabu cha Stanley kikiwa wazi ubavuni. Hata malipo ya kusindikizwa hayalingani, kwani Stanley anataja dola 5,000 na Tippu Tip anataja 7,000, na kila mmoja anamwona mwenziwe kuwa ndiye aliyevunja ahadi. Kwangu mimi hakuna somo bora zaidi la kumfundisha msomaji asimwamini msafiri mmoja peke yake.

La pili ni mkusanyo wa safari uliotolewa na Carl Velten 1901, ambamo Waswahili wenyewe wanasimulia. Yumo Selemani bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, na yumo Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyekwenda Urusi na Siberia 1896 akiwa na bwana wake Mjerumani. Msomaji wa Kikwajuni, mimi ningekushauri uanze na huyu Salim. Umekwisha kusoma jinsi mgeni anavyoitazama nchi ya watu wengine kwa macho ya mwenye bunduki na gazeti nyuma yake. Salim anaitazama Urusi akiwa mtumishi asiye na chochote nyuma yake, na anaandika kwa utulivu watu wanavyokula, wanavyosafiri na wanavyoomba Mungu, bila ya kuwafanya vituko. Kipate kwanza kitabu hicho cha Velten kwenye maktaba au kwa mtu mwenye nakala, halafu Tippu Tip, na Lualaba uurudie baadaye.